Laptopu Haiwaki: Hatua za Kufuata Kabla Hujapiga Windows Upya

Swali ni lile lile kila wiki: "Fundi, laptopu yangu haiwaki, shida nini?" Na mimi kila mara hulijibu kwa swali: haiwaki vipi? Maana neno hili moja linabeba magonjwa manne tofauti, na dawa ya ugonjwa mmoja inaweza kuwa sumu kwa mwingine.

Nilianza kuandika mwongozo huu baada ya kuletewa laptopu na binti wa mwaka wa mwisho chuoni. Mashine ilikuwa inawasha taa, kioo kinabaki cheusi. Alikuwa ameshaipeleka kwingine, wakampigia Windows upya (kufuta diski na kuisakinisha Windows tena) bila kumuuliza, na utafiti wake wa miezi minane ukafutika. Siku tatu baadaye kioo kikawa cheusi tena. Nilipoifungua nikakuta RAM (kibao kidogo cha kumbukumbu ya muda) imeshika uchafu kwenye meno yake. Nikaisafisha kwa kifutio cha penseli, mashine ikawaka vizuri. Mafaili hayakurudi. Kwa hiyo nitakachokisisitiza hapa kuliko kitu chochote ni hiki: jua kwanza inaumwa nini, kisha okoa mafaili yako, halafu ndipo utengeneze.

Kwanza, ni ipi kati ya hizi?

A. Imekufa kabisa. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti.

B. Taa inawaka, pengine feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi.

C. Nembo ya kampuni inatokea, kisha inakwama hapo, au inaleta maandishi kwamba haioni diski.

D. Windows inaanza kupanda lakini haifiki: inajizima na kujiwasha, inaleta skrini ya bluu (kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi), au inazunguka kwenye "Preparing Automatic Repair" bila kikomo.

Ukiwa na A, anza hatua ya 1. Ukiwa na B, anza hatua ya 3. C nenda hatua ya 6, D nenda hatua ya 8.

Andaa vitu hivi

- Chaja yake halisi, na ikiwezekana ya kuazima inayolingana nayo
- Bisibisi ndogo ya nyota na kitu chembamba cha plastiki cha kubandulia mfuniko (kadi ya simu ya zamani inatosha)
- Tochi ya simu
- Kifutio cheupe cha penseli na brashi laini
- Waya wa HDMI na runinga
- Flashi ya GB 8 au zaidi, na kompyuta nyingine ya kuiandalia
- Diski ya nje ya kuhamishia mafaili
- Mita ya kupimia umeme, kama unayo au jirani anayo

Usiguse kama: laptopu imemwagikiwa maji au chai. Hapo usijaribu kuiwasha hata mara moja. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, igeuze kifudifudi na uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii, kwa sababu kinachoua ni sukari na chumvi zinazobaki juu ya saketi, na hizo hazivutwi na mchele. Vilevile ukiona kibodi imeinuka au mfuniko wa chini umetuna, betri imevimba. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena.

Hatua ya 1: Fuata umeme kutoka ukutani hadi kwenye mashine

Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Inaonekana jambo la kitoto, lakini nimewahi kusafiri na pikipiki kutwa nzima kwenda kugundua kwamba kiendelezi cha umeme kimekufa.

Kisha angalia waya. Laptopu nyingi za mtumba zinazotoka Ulaya huja na waya wa pini mbili za mviringo, na soketi zetu ni za pini tatu bapa. Watu huchokoa tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili pini mbili ziingie. Acha kabisa. Ni hatari kwako, na pini hukaa kwa kulegea, ikitoa cheche na kukata umeme kila ukiisogeza laptopu. Waya wa pini tatu unauzwa peke yake kwa bei ndogo. Chukua wa zamani uende nao dukani, uulinganishe ule upande unaoingia kwenye chaja.

Sasa chaja yenyewe. Soma maandishi mgongoni, sehemu iliyoandikwa OUTPUT. HP na Dell nyingi ni volti 19.5, ThinkPad nyingi ni volti 20. Chaja ya kuazima lazima iwe na volti zile zile. Ampea zinaweza kuwa sawa au kubwa zaidi, zisiwe ndogo. Kama una mita, iweke kwenye DC, waya mmoja ndani ya ncha na mwingine nje. Chaja ya 19.5 isome karibu na hapo. Ikisoma 12, au ikipandapanda na kushuka, imekufa.

Tahadhari: chaja inaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo, halafu ikaanguka mara tu laptopu inapovuta umeme. Dalili yake ni taa ya chaja kuzimika pale tu unapoichomeka kwenye mashine. Hapo jaribu chaja nyingine. Taa ikizimika na kwa hiyo pia, shoti iko ndani ya laptopu, na hiyo ni kazi ya fundi wa ubao mkuu.

Kwenye Dell na HP nyingi kuna sindano nyembamba katikati ya ncha ya chaja. Hiyo huitambulisha chaja kwa mashine. Ikivunjika au kupinda, laptopu itawaka kwa shida, itakuwa nzito, na betri haitaingia chaji. Wengi hununua betri mpya bure kwa sababu ya sindano hiyo.

Kama yako inachajiwa kwa USB-C, usiijaribu kwa chaja ndogo ya simu. Nyingi haziisukumi laptopu. Tafuta iliyoandikwa wati 45, 65 au zaidi.

Hatua ya 2: Iondolee umeme uliobaki ndani

Hii peke yake imefufua mashine nyingi zilizokwisha kuitwa marehemu, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo.

Chomoa chaja, flashi, kipanya, kila kitu. Toa betri kama ni ya kutoka nje. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 60 kamili, hesabu, usikisie. Halafu chomeka chaja peke yake, bila betri, uwashe.

Kama betri iko ndani, shikilia kitufe vivyo hivyo bila chaja. ThinkPad nyingi zina tundu dogo upande wa chini: ukiwa umechomoa chaja, nyoosha klipu ya karatasi, ichomeke taratibu hadi uhisi kubonyea, kisha subiri dakika moja. Kwa mashine nyingine utalazimika kufungua mfuniko na kuchomoa waya wa betri. Ikiwaka bila betri na kugoma ikiwa na betri, mgonjwa ni betri.

Hatua ya 3: Kioo cheusi, je, mashine iko hai?

Washa, subiri dakika moja, kisha bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, mashine inafikiri. Tatizo liko upande wa kuonyesha. Ongeza mwanga kwa vitufe vya kibodi, kisha bonyeza pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hii huamsha upya programu ya picha.

Zima taa za chumbani, umulike kioo kwa tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu kama kivuli, kioo ni kizima ila mwanga wa nyuma umekufa. Usipoona kitu, unganisha runinga kwa HDMI, chagua HDMI hiyo hiyo kwenye rimoti, uwashe laptopu. Ikibaki kimya bonyeza Windows na P, shuka kwa mshale mara moja, Enter. Picha ikitokea kwenye runinga, shukuru: mafaili yako ni salama. Yanakili kwanza, kisha ushughulikie kioo au waya wake, ambao hukatika pale kwenye bawaba.

Kama Caps Lock haijibu, au inapepesa yenyewe, endelea.

Hatua ya 4: Soma taa zinazopepesa

Laptopu isiyoweza kuonyesha picha mara nyingi hujieleza kwa taa au milio. Hesabu kwa makini, rekodi video kwa simu. Dell nyingi: taa ya machungwa mara 2 kisha nyeupe mara 3 maana yake haioni RAM. HP nyingi za kuanzia 2015: nyekundu mara 3 na nyeupe mara 2 huelekeza huko huko kwenye RAM. Mpangilio mwingine utafute kwa jina na modeli kamili ya mashine yako, si kwa jina la kampuni tu.

Hatua ya 5: RAM

Kwa kioo cheusi, hapa ndipo napoanzia mimi, na hapa ndipo kazi nyingi huishia. Kwetu Pwani hewa ina chumvi na unyevu; meno ya RAM hushika utando hata kama mashine haijawahi kuanguka wala kulowa. Mtu akiniletea laptopu kutoka nyumba iliyo karibu na bahari, huwa naandaa kifutio kabla sijaandaa bisibisi.

1. Chomoa chaja. Fungua mfuniko wa chini. Skrubu zipange kwenye karatasi kwa namna zilivyokaa, kwa sababu urefu wake hutofautiana, na skrubu ndefu kwenye tundu fupi hutoboa ubao.
2. Chomoa waya wa betri. Usiruke hapa. Kuchomoa RAM huku betri imeunganishwa kunaweza kuunguza ubao.
3. Gusa chuma tupu, kama fremu ya dirisha, ili umeme tuli utoke mwilini.
4. Fungua vishikio viwili vya pembeni kuelekea nje. RAM itainuka yenyewe. Ishike kwa kingo.
5. Sugua meno ya rangi ya dhahabu kwa kifutio, taratibu, pande zote mbili. Ondoa vumbi kwa brashi, usipulize kwa mdomo. Mate yana unyevu.
6. Irudishe kwa kuilaza mshazari, isukume mpaka meno yasionekane, kisha ishushe mpaka vishikio vilie "tak".
7. Kama ziko mbili, rudisha moja tu, jaribu, kisha nyingine, kisha badilisha tundu.

Ukiiwasha, vuta subira. Baada ya RAM au betri kuguswa, mashine nyingi hukaa na kioo cheusi dakika kadhaa zikijipanga upya, na nyingine hujizima na kujiwasha zenyewe. Wengi huikatisha hapo hapo na kusema imeshindikana. Ipe dakika tano.

Kama RAM imechomelewa kwenye ubao, ruka hatua hii.

Hatua ya 6: Ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine, kabla ya Windows) uone kama diski inaonekana

Kabla ya yote chomoa flashi na kadi za kumbukumbu. Huenda mashine inatafuta Windows kwenye flashi ya nyimbo.

Zima, washa, na papo hapo gonga kitufe mfululizo: HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1, Lenovo nyingine F2, Acer F2, Asus F2. Ukifika ndani, tafuta orodha ya diski.

Diski ikionekana, angalia tarehe. Ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, betri ndogo ya ubao imekwisha (mara nyingi ni CR2032 ya volti 3), na mipangilio imejirudisha ya kiwandani. Badilisha, weka saa sawa, hifadhi, toka.

Tahadhari kubwa: usichezee kipengele cha AHCI, RAID au VMD (namna mashine inavyowasiliana na diski) kwa kujaribu bahati. Windows iliyopigwa kwa mpangilio mmoja hugoma kwenye mwingine.

Hatua ya 7: Diski haionekani

HP huandika "Boot Device Not Found" na namba 3F0; nyingine huandika "No bootable device". Fungua, chomoa betri, toa diski uirudishe vizuri. SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya M.2 hukazwa na skrubu moja; ikilegea, diski huinuka na kupoteza mguso.

Kama ni diski ya zamani ya kuzunguka na unasikia "ka, ka, ka", zima sasa hivi. Kila dakika ya kuzunguka inakwangua data yako. Usiendeshe chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski) juu yake. Kama ndani mna kitu cha thamani, ipeleke kwa mwenye kazi ya kuokoa data.

Hatua ya 8: Windows haipandi, okoa mafaili kwanza

Washa, na duara likianza kuzunguka, shikilia kitufe mpaka izime. Rudia mara mbili au tatu. Mara inayofuata italeta skrini ya urekebishaji. Ingia Troubleshoot, kisha Advanced options.

Ikikuomba ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga mafaili ya diski), usiogope na usibahatishe. Ni tarakimu 48. Kwa kutumia simu, fungua aka.ms/myrecoverykey na uingie kwa akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha laptopu. Ya kazini, muulize mtu wa kompyuta ofisini kwenu. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayekufungulia mafaili, hata akiapa. Na kama laptopu yako inawaka vizuri leo, uchukue ufunguo huo leo, uuandike kwenye daftari.

Ukiwa ndani, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika notepad, bonyeza Enter. Nenda File, Open, na chini ubadilishe iwe All Files. Hapo umepata dirisha la kutembelea diski nzima. Ingia Users, kisha jina lako, bofya kulia folda, Copy, nenda kwenye diski ya nje, Paste. Haitakuonyesha imefikia wapi. Ikiganda, ndiyo inanakili. Usishangae herufi za diski kubadilika. C yako inaweza kuitwa D humo.

Ikishindikana, tengeneza flashi ya Linux Mint kwenye kompyuta nyingine kwa programu ya Rufus. Chomeka, gonga F9 (HP) au F12 (Dell, Lenovo na nyingine nyingi) uchague flashi. Itafunguka bila kusakinisha chochote. Nakili mafaili. Usibonyeze Install.

Hatua ya 9: Sasa rekebisha

Kwenye skrini ile ile ya urekebishaji, fuata mpangilio huu, ukianzia na kisichoharibu kitu:

1. Startup Repair.
2. Uninstall Updates, kama shida ilianza baada ya sasisho.
3. System Restore, ukichagua tarehe ambayo mashine ilikuwa nzima.
4. Startup Settings, Restart, kisha 4 kwa ajili ya Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu). Ikipanda humo, ubao na diski huenda ni vizima. Ondoa programu au draiva (programu ya kuendesha kifaa) uliyoweka mwisho.
5. Command Prompt: andika sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows, ukibadilisha herufi kama inabidi. Amri hii hukagua na kurekebisha mafaili ya Windows yenyewe.
6. Reset this PC, Keep my files. Programu zote zitaondoka, mafaili yatabaki.

Kupiga Windows upya ni namba 7. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zilikwama kwenye skrini ya bluu kwa sababu ya faili moja bovu la sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Nyingi zilipona kwa kuingia Safe Mode na kulifuta faili hilo. Aliyekimbilia kufuta diski alijifutia kazi yake bure.

Ikigoma bado

*Inawaka, inazima baada ya dakika chache, chini ni moto.* Feni imeziba vumbi au gundi ya kupozea imekauka. Safisha, weka gundi mpya.

*Inawaka na kuzima kila sekunde mbili.* Rudia hatua ya 5. Ikiendelea, chomoa diski na kadi ya Wi-Fi, ujaribu bila hivyo. Ikiendelea tena, ni ubao.

*Inaomba nenosiri la BIOS usilolijua.* Hutokea kwa mtumba uliotoka kwenye makampuni ya nje. Rudi kwa aliyekuuzia. Ukinunua nyingine, ingia BIOS mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hela.

*Kitufe cha kuwashia hakibonyei vizuri.* Waya wake mwembamba umechomoka, mara nyingi baada ya mtu kubadilisha kibodi.

*Inawaka ukiinamisha kioo, inazima ukikinyanyua.* Waya wa kioo kwenye bawaba. Usiendelee kuichezesha.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mweleze ni A, B, C au D, ilianza lini, na umeshajaribu hatua zipi. Mwonyeshe video ya taa zinazopepesa. Andika pembeni namba ya mashine iliyo chini ya laptopu, na uandikishe ukubwa wa RAM na diski kwenye risiti. Kisha chukua kipande cha karatasi, ukibandike kwa gundi juu ya mfuniko, kimeandikwa kwa herufi kubwa: USIFUTE DISKI KABLA HUJANIPIGIA, na namba yako ya simu chini yake.